Wenyeheri Michał Tomaszek na Zbigniew Strzałkowski, Wafiadini wa Pariacoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya kuanzia

Hawa ni akina nani?

Ni mapadre wawili watawa kutoka Poland, wa Shirika la Ndugu Wadogo Wakonventuali, tawi mojawapo la wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Usiku wa Ijumaa, 9 Agosti 1991, waliuawa kwa risasi karibu na Pariacoto, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Ancash nchini Peru. Waliowaua walikuwa wapiganaji wa Sendero Luminoso, jina ambalo kwa Kihispania maana yake ni Njia Ing'aayo. Michał alikuwa na miaka 30 na Zbigniew 33. Kanisa liliwatangaza wenyeheri mjini Chimbote, Peru, tarehe 5 Desemba 2015, pamoja na Padre Alessandro Dordi wa Italia (tazama swali linalomhusu hapa chini).

Majina yao yanasomwaje?

Wasomaji wengi wa Misa hukwama hapa, nasi tumesikia kila aina ya matamshi. Habari njema ni kwamba Kipolandi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Herufi ł husomwa kama "w", sz ni "sh", na rz baada ya t nayo huwa "sh". Basi:

- Michał: "Mihau", h ikitoka kooni kama kh ya "kheri".
- Tomaszek: "Tomashek".
- Zbigniew: "Zbignyef".
- Strzałkowski: "Stshaukofski".

Ukimwita Michał "Mikaeli" hujakosea, maana ni jina lile lile. Waperu wenyewe humwita Miguel. Zbigniew ni jina la Kislavoni lisilo na umbo la Kiswahili. Liache lilivyo.

Wakonventuali wanatofautianaje na Wakapuchini?

Familia ya kwanza ya Mtakatifu Fransisko ina matawi matatu: Ndugu Wadogo, Wakapuchini na Wakonventuali. Wote hufuata Kanuni ya mwaka 1223. Wakapuchini ndio wanaojulikana zaidi Tanzania, kwa kanzu zao za kahawia zenye kofia ndefu. Kanzu ya Wakonventuali ni nyeusi au ya kijivu, na kamba ya kiunoni ina vifundo vitatu kwa ajili ya nadhiri tatu: utii, ufukara na usafi wa moyo. Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, aliyejitoa kufa badala ya baba wa familia kambini Auschwitz mwaka 1941, alikuwa wa shirika hili hili.

Huku kwetu utawakuta Subukia nchini Kenya, kwenye kituo cha hija cha kitaifa cha Bikira Maria, na Munyonyo nchini Uganda, mahali alipouawa Mtakatifu Andrea Kaggwa mwaka 1886. Ndugu wa Munyonyo ni wa provinsi ya Kraków, ile ile waliyotoka Michał na Zbigniew.

Ilikuwa vita gani?

Tarehe 17 Mei 1980, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la wapiganaji wa Sendero Luminoso lilichoma masanduku ya kura katika kijiji cha Chuschi, mkoa wa Ayacucho. Nyuma yao alikuwapo Abimael Guzmán, aliyekuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu, mfuasi wa mafundisho ya Mao. Mpango wake ulikuwa kuiteka nchi kutoka vijijini kwenda mijini, na yeyote aliyewapa wanakijiji sababu ya kuishi bila bunduki alihesabiwa kuwa kizuizi.

Peru bado wanabishana juu ya jina. Wengine husema ugaidi, wengine vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2003, ilitumia maneno "mgogoro wa ndani wa silaha". Tume hiyo ilikadiria waliokufa kati ya 1980 na 2000 kuwa 69,280. Ilikuta kwamba Sendero Luminoso ndio waliosababisha zaidi ya nusu ya vifo, na vyombo vya dola navyo vikaua raia wengi. Watu watatu katika kila wanne waliouawa walikuwa na Kikechua au lugha nyingine ya asili kama lugha mama. Takwimu hii ya mwisho ndiyo ya kushika unapowazungumzia wafiadini hawa. Waliingia katika msiba ambao tayari ulikuwa wa maskini wa milimani, wakaamua kukaa ndani yake.

## Walikotoka

Zbigniew alikuwa mtu wa namna gani?

Alizaliwa 3 Julai 1958 mjini Tarnów, akakulia kijiji cha Zawada kilicho jirani. Kabla ya utawa alisoma shule ya ufundi wa mitambo, na mikono hiyo ya fundi ilimfaa baadaye kule ambako bomba likipasuka hakuna wa kumpigia simu. Aliingia shirikani mwaka 1979, akaweka nadhiri za daima 8 Desemba 1984, akapewa upadre 7 Juni 1986 mjini Wrocław. Alikuwa makamu gombera wa seminari ndogo ya Legnica kabla ya kuondoka kwenda Peru mwishoni mwa Novemba 1988. Wanaomkumbuka husema alikuwa mtu wa mpangilio, mwenye kubeba wajibu bila kelele. Pariacoto aliwahudumia wagonjwa kiasi kwamba watu walimwona kama daktari wao mdogo.

Na Michał?

Alizaliwa 23 Septemba 1960 huko Łękawica, karibu na Żywiec, kusini mwa Poland. Alifiwa na baba akiwa mtoto. Alisoma seminari ndogo ya Legnica, akapewa upadre mwaka 1987 mjini Kraków, akafanya utume kwa miaka miwili Pieńsk, mji wa mpakani na Ujerumani. Julai 1989 akafika Peru. Alikuwa mpole, wa maneno machache, lakini watoto na vijana walimfuata. Aliwafundisha kwa nyimbo na kwa gitaa.

Kwa nini waende Peru wakati vita vinaendelea?

Kwa sababu kulikuwa na watu wasio na padre. Parokia ya Pariacoto, Jimbo la Chimbote, ilikuwa imekaa muda mrefu bila padre wa kuishi hapo. Jumuiya ya watatu (Michał, Zbigniew na Padre Jarosław Wysoczański) ilianza kazi rasmi 30 Agosti 1989, sikukuu ya Mtakatifu Rosa wa Lima. Hatari waliijua. Hawakwenda kutafuta kifo, na Kanisa halimhesabu mfiadini mtu anayekitafuta kwa makusudi.

## Kazi yao Pariacoto

Mahali penyewe pakoje?

Shika ramani ya Peru, tafuta Casma kwenye pwani ya Pasifiki, kisha fuata barabara inayopanda mashariki kuelekea Huaraz kupitia safu ya Cordillera Negra, Milima Myeusi, isiyo na theluji. Baada ya kilomita hamsini na ushee unafika Pariacoto, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Parokia haikuishia hapo. Vigango vyake, makumi ya vijiji, vilipanda hadi maeneo ya takriban mita 4,000, ambako mgeni hupumua kwa shida na usiku maji huganda. Kufika huko ni gari hadi barabara inapokoma, halafu miguu au mgongo wa mnyama.

Walifanya nini cha kuwaudhi wapiganaji?

Swali hili ndilo kiini cha habari yote, kwa hiyo tunalijibu kwa kirefu.

Kwanza, chakula. Mwaka 1990 mfumuko wa bei Peru ulipita asilimia 7,000. Mshahara wa asubuhi haukununua mkate jioni. Juu ya hilo, bonde lilikuwa na ukame. Parokia iligawa chakula kilichopitia Karitasi. Pili, maji na afya. Mwishoni mwa Januari 1991 kipindupindu kililipuka pwani ya Peru, Chimbote ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza, na ndani ya mwaka huo watu zaidi ya 300,000 waliugua nchini. Watawa walifundisha watu kuchemsha maji, wakahangaikia dawa, maji safi na mifereji ya majitaka. Tatu, katekesi. Waliwaandaa makatekista wa vigango ili jamii isimame yenyewe hata padre asipokuwapo, wakawakusanya vijana kwa sala na nyimbo.

Sasa liangalie hilo kwa jicho la kamanda wa Sendero. Yeye anahitaji njaa, maana mwenye njaa ndiye atakayeshika bunduki. Anahitaji vijana wasio na pa kwenda jioni. Watawa hawa walimwondolea vyote viwili bila kutamka neno la siasa. Hawakuwa na silaha, hawakuwa wapelelezi wa jeshi, hawakuwa wagombea wa chochote. Gunia la unga na rozari ndivyo vilivyotajwa katika mashtaka yao, kama utakavyoona hapa chini.

## Usiku wa 9 Agosti 1991

Ilitokeaje?

Ilikuwa jioni, baada ya Misa. Wapiganaji wenye silaha, baadhi wamejifunika nyuso, waliingia nyumba ya watawa. Vijana waliokuwa wakiishi pale kupima wito wao waliachwa. Wao ni miongoni mwa waliosimulia baadaye. Padre Jarosław hakuwepo, alikuwa likizo Poland. Michał na Zbigniew walifungwa mikono na kupakiwa kwenye gari. Sista mmoja wa misheni alikataa kuwaacha, akapanda naye.

Ndani ya gari kukafanyika kile walichokiita kesi. Kwa ushuhuda wa sista huyo, watawa walishtakiwa kwamba wanawadanganya watu kwa kugawa chakula cha mabeberu, na kwamba mahubiri ya amani, rozari na Biblia vinawalaza watu usingizi wasifanye mapinduzi. Kisha sista akatupwa nje ya gari. Watawa wakapelekwa hadi Pueblo Viejo, karibu na makaburi, wakapigwa risasi kichwani. Pembeni ya miili iliachwa karatasi yenye maneno ya kuwatukana kama vibaraka wa ubeberu.

Waliuawa peke yao?

Hapana. Usiku huo huo aliuawa pia Justino Masa, meya wa Pariacoto. Masimulizi mengi ya mtandaoni humruka. Tunaomba asirukwe: alikuwa Mperu aliyelitumikia bonde lake, na damu yake ilimwagika pamoja na yao. Kwa nini yeye hakutangazwa mwenyeheri, tazama "Wauaji walikuwa na sababu za kisiasa" hapa chini.

Je, wangeweza kukimbia?

Kabla ya siku hiyo, ndiyo. Vitisho dhidi ya Kanisa la Chimbote na askofu wake, Luis Bambarén, havikuwa siri. Walibaki kwa sababu wakulima wa Pariacoto hawakuwa na pa kukimbilia, na mchungaji aliyekula nao wakati wa ukame asingeweza kuwaaga wakati wa risasi. Wamezikwa huko huko, ndani ya kanisa la parokia.

Alessandro Dordi ni nani, na kwa nini yumo?

Ni padre wa Jimbo la Bergamo, Italia, aliyezaliwa 1931. Si mtawa, wala hakuishi Pariacoto. Alihudumu bonde la Santa, katika jimbo lile lile la Chimbote. Aliuawa 25 Agosti 1991, siku 16 baada ya wenzake, akiwa njiani katika kazi ya kichungaji. Kundi moja la wauaji, sababu moja, jimbo moja, ndiyo maana mchakato wao uliunganishwa. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba watatu waliuawa pamoja.

## Kwa nini Kanisa linawaita wafiadini

Wauaji walikuwa na sababu za kisiasa. Inakuwaje wafiadini?

Kanisa huangalia mambo matatu: kifo chenyewe, mfiadini kukipokea kwa ajili ya Kristo, na muuaji kusukumwa na chuki dhidi ya imani, au dhidi ya tendo la fadhila linalotoka katika imani. La tatu ndilo gumu, kwa kuwa siku hizi muuaji ni nadra kusema "nakuua kwa kuwa ni Mkristo". Husema "msaliti", "mpelelezi", "kibaraka".

Hapa wauaji walilirahisisha jambo wenyewe. Mashtaka ndani ya gari yalitaja Biblia, rozari na mahubiri ya amani, pamoja na chakula cha maskini. Hawakushtakiwa kwa kuwaficha askari wala kwa kutoa habari. Upendo wao, uliotokana na Injili, ndio uliokuwa kosa. Kwa meya, ushahidi unaelekea kwenye cheo chake cha kiserikali, kwa hiyo sharti la tatu ni gumu kuthibitishwa. Hilo halimpunguzii thamani mbele ya Mungu. Mchakato hupima tu kile kinachoweza kuthibitishwa.

Mtakatifu Kolbe mwenyewe alitangazwa mwenyeheri mwaka 1971 kama muungama (aliyeikiri imani kwa maisha yake), si mfiadini. Ni mwaka 1982 tu ambapo Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu kwa cheo cha mfiadini. Ikiwa Kanisa lilisita kwa Kolbe, ujue si jepesi kulitoa neno hili.

Mchakato ulipitia hatua gani?

Siku nne tu baada ya mauaji, 13 Agosti 1991, Yohane Paulo II akiwa Kraków aliwataja kama wafiadini wapya wa Peru. Lakini neno la Papa katika hotuba si hukumu. Uchunguzi wa jimbo ulianza Chimbote mwaka 1996: mashahidi wakahojiwa kwa kiapo, maandishi yakakusanywa. Kisha kazi ikahamia Roma. Tarehe 3 Februari 2015 Papa Fransisko aliidhinisha hati ya kifodini chao, siku ile ile aliyoidhinisha ya Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador. Desemba mwaka huo Kardinali Angelo Amato aliwatangaza wenyeheri.

Mbona hakukuwa na muujiza?

Kwa mfiadini hauhitajiki ili awe mwenyeheri. Unahitajika mmoja ili awe mtakatifu, na ni lazima utokee baada ya kutangazwa mwenyeheri.

## Kuwaheshimu na kuwaomba

Sikukuu yao ni lini?

Kwa Wakonventuali ni 7 Juni, si 9 Agosti. Tarehe 9 Agosti ina Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Na 7 Juni ndiyo siku Zbigniew aliyopewa upadre. Rangi ni nyekundu.

Ukitaka kusali novena, anza 29 Mei ili siku ya 9 iwe 6 Juni. Siku ya 6 itaangukia 3 Juni, sikukuu ya Wafiadini wa Uganda, usiruke, waunganishe. Ibada za Pentekoste au za Mwili na Damu ya Kristo zikigongana na 7 Juni, hizo kubwa hutangulia.

Tunaweza kuita jumuiya ndogo ndogo au kigango kwa jina lao?

Jumuiya, kwaya, kikundi cha vijana: ndiyo, kwa makubaliano na paroko. Kanisa lililowekwa wakfu ni habari nyingine. Mwenyeheri hawezi kuwa msimamizi wa kanisa bila kibali cha Kiti Kitakatifu, kwa sababu heshima yake ya hadhara ina mipaka ya mahali. Vigango vingine huandika jina ukutani kwanza na kuuliza baadaye, kisha rangi inafutwa na waamini wanaumia. Uliza askofu kabla ya kununua rangi.

Vivyo hivyo kwa Misa ya heshima yao nje ya Wakonventuali na mahali palipoidhinishwa: ombeni ruhusa. Kuwataja katika mahubiri au kusali novena yao nyumbani hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Nimepata neema kubwa kwa maombezi yao. Nifanye nini?

Andika mapema, kabla kumbukumbu haijachuja. Kama ni uponyaji, kinachotafutwa ni hiki: ugonjwa mzito uliothibitishwa na daktari, uponaji wa ghafla, kamili na wa kudumu, ambao tiba iliyotolewa haiwezi kuueleza.

1. Omba hospitali nakala za vipimo vya kabla na vya baada. Hapa ndipo kesi nyingi hufia: picha za eksirei zimepotea, au kuna karatasi za baada tu.
2. Andika nani alisali, lini, na kwa maneno gani. Maombezi lazima yatangulie uponaji.
3. Eleza wazi kwamba mliomba kwa wafiadini hawa. Mkiwa mmeomba pia kwa watakatifu wengine watano, hakuna atakayeweza kusema ni yupi aliyewaombea.
4. Peleka yote kwa paroko au kwa Wakonventuali walio karibu.

Uchunguzi hufanywa na jimbo ambako uponaji ulitokea. Roma, jopo la madaktari hupiga kura. Kwa kanuni za 2016 zinahitajika kura 5 kati ya 7 au 4 kati ya 6, na kesi moja haichunguzwi na madaktari zaidi ya mara 3. Ndiyo sababu faili lenye mapengo ni afadhali lisubiri likamilike kuliko kupelekwa haraka.

## Maswali ya pembeni

Je, kuna waliofanana nao kwetu?

Wapo. Katika miji ya Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliuawa wamisionari watatu Waksaveri (Luigi Carrara, Giovanni Didonè na bruda Vittorio Faccin) pamoja na Padre Albert Joubert, mzaliwa wa kando ya Ziwa Tanganyika, mama yake Mkongo. Walitangazwa wenyeheri mjini Uvira mwezi Agosti 2024. Buta, Burundi, 30 Aprili 1997, waseminari 40 waliuawa walipokataa kutengana, Wahutu huku na Watutsi kule. Peru yenyewe ina Sista María Agustina Rivas, aliyeuawa na Sendero Luminoso mwaka 1990 na kutangazwa mwenyeheri 2022.

Je, mtu aliyeuawa vitani akimsaidia jirani, bila chuki ya imani kuthibitika, hana njia ya kutambuliwa?

Tangu Julai 2017 ipo. Papa Fransisko alifungua njia ya wale walioyatoa maisha yao kwa hiari, kwa upendo, wakijua kifo kiko karibu. Njia hiyo haiulizi nia ya muuaji, ila inadai muujiza hata kwa ngazi ya mwenyeheri. Mwenye habari za mtu wa namna hiyo kijijini kwake aanze na wazee: awaandike, mmoja mmoja, majina na tarehe, wakiwa bado hai.